Eneo la Biashara Likijaa Magari, Tujenge Jengo Jingine la Maegesho?

Swali: "Mimi ni mhazini wa kamati ya wafanyabiashara katika eneo la katikati ya jiji letu. Ikifika saa tatu asubuhi, kila nafasi ya kuegesha mbele ya maduka imeshachukuliwa, na wateja wanatuambia kwamba wanazunguka mpaka wanakata tamaa na kurudi nyumbani. Ada ya kuegesha barabarani ni ndogo na ni ileile kutwa nzima. Jengo la maegesho lililo nyuma ya mtaa wetu ni ghali zaidi, na ghorofa zake za juu huwa tupu. Halmashauri imetuletea mapendekezo matatu: kujenga jengo jipya la maegesho, kufuta ada ya barabarani ili wateja warudi, au kukodisha maegesho yote kwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka mingi. Wenzangu wengi wanataka jengo lijengwe na ada ifutwe. Nipige kura upande gani bila kuziumiza biashara zetu?"

Jibu:

Ndugu mhazini, wasiwasi wako ni wa msingi, na sitaupunguza kwa kukuambia kwamba wateja wanatia chumvi. Mtu aliyezunguka mitaa mitatu akakosa pa kuliweka gari lake ana haki ya kuondoka na fedha zake. Hata hivyo, katika swali lako umetaja jambo moja kwa kupita tu, na kwangu mimi jambo hilo lina uzito kuliko mapendekezo yote matatu ya halmashauri: ghorofa za juu za jengo lililopo huwa tupu. Eneo ambalo lina nafasi tupu umbali wa dakika chache kwa miguu lina maegesho ya kutosha, ila yamegawanywa vibaya. Kinachopungua ni nafasi za mbele ya duka, na hizo haziongezeki kwa kujenga, kwa kuwa urefu wa barabara utabaki uleule hata mkijenga majengo kumi.

Nikijibu kwa kifupi kabla ya kueleza sababu, nisingeunga mkono pendekezo lolote kati ya hayo kama lilivyo sasa. Ningeiomba halmashauri ihesabu kwanza magari yanayoegeshwa, kisha ipange ada kulingana na sehemu na saa, ili wakati wowote kila mtaa ubaki na nafasi moja au mbili zilizo wazi, na sehemu ya mapato irudi kutumika katika mitaa ileile yanakotoka. Jengo jipya lisubiri mpaka la zamani lijae.

Tuanze na swali ambalo kamati nyingi hulikwepa: ni nani walioegesha mbele ya maduka yenu saa tatu asubuhi? Saa hiyo maduka mengi ndiyo kwanza yanafunguliwa, kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba wote ni wateja. Kwa kawaida huwa ni wenye maduka wenyewe, wahudumu wao na watumishi wa ofisi za jirani, ambao hufika mapema, huchukua nafasi zilizo nzuri kuliko zote na huziachia jioni. Sisemi hivi kwa kuwalaumu. Ada ikiwa ndogo na haibadiliki kutwa nzima, mtu mwenye akili zake atafanya hivyohivyo, na huenda hata wewe unafanya.

Madhara yake yanaonekana wazi ukiyaweka katika hesabu. Chukua mtaa wenye nafasi 20, unaofanya biashara kwa saa 10. Nafasi 12 zikikaliwa kutwa na wafanyakazi, zinabaki 8 kwa ajili ya wateja. Kila mteja akikaa saa moja, nafasi hizo 8 haziwezi kupokea zaidi ya magari 80 kwa siku, hata zikijaa bila kupumzika. Wahamishie wale 12 kwenye ghorofa tupu, acha nafasi 3 zikiwa wazi wakati wote, na zile 17 zinazosalia zitapokea magari 170. Idadi ya wateja wanaoweza kuegesha imezidi maradufu, na hakuna mfuko hata mmoja wa saruji ulionunuliwa.

Tatizo hili ni la zamani. Mita ya kwanza ya maegesho duniani, yaani mashine ya kulipia nafasi ya barabarani, iliwekwa Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935, kutokana na malalamiko kama yenu: wafanyakazi wa katikati ya jiji waliegesha asubuhi na kuondoka jioni, na wanunuzi wakakosa pa kusimama. Aliyeibuni ni Carl Magee, mwenye gazeti aliyekuwa akiongoza kamati ya usafiri ya chama cha wafanyabiashara wa jiji hilo. Inafaa wenzako walikumbuke hilo wanapoizungumzia mita kana kwamba ni mtego wa mtoza kodi, kwa maana ilitoka katika kamati ya wafanyabiashara kama yenu, nayo ilikusudiwa kuwafungulia wateja nafasi.

Sasa tuje kwenye kero yenyewe, yaani kuzunguka. Watu wengi hudhani kwamba mtaa uliojaa kwa asilimia 95 ni mbaya kidogo tu kuliko mtaa uliojaa kwa asilimia 85. Kwa dereva anayetafuta, tofauti ni kubwa mno. Kwenye asilimia 85, takriban nafasi moja katika kila saba iko wazi. Kwenye asilimia 95 ni moja katika ishirini. Kwenye asilimia 99 ni moja katika mia, maana yake dereva atapita magari mia moja yaliyoegeshwa kabla ya kupata pengo moja, tena kwa sharti kwamba hakuna mwenzake aliyemtangulia. Hesabu hii inachukulia kwamba nafasi wazi zimetawanyika bila mpangilio, na barabarani mambo hayaendi kwa usafi huo, lakini mwelekeo wake ni wa kweli: usumbufu hupanda polepole hadi mtaa unapokaribia kujaa, halafu huruka ghafla. Ndiyo sababu wapangaji wengi wa maegesho hulenga ujazo wa asilimia 85 hivi. Asilimia 15 inayobaki wazi huonekana kama hasara kwa anayeitazama kutoka dirishani, ilhali ndiyo inayoufanya mtaa ufikike.

Kuzunguka huko hakumsumbui anayetafuta peke yake. Fikiria madereva 1,000 kwa siku, kila mmoja akitafuta kwa dakika 3 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Kwa pamoja watakuwa wametembea kilomita 750 wasifike popote, na foleni wanayoitengeneza inawakwamisha pia wenye mabasi, wapeleka mizigo na wapita njia ambao hawakuwa na haja ya kuegesha. Marehemu Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa mipango miji katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alizikusanya tafiti 16 za kati ya mwaka 1927 na 2001 zilizofanywa katika maeneo ya katikati ya miji, na wastani wake ulionyesha kwamba karibu asilimia 30 ya magari yaliyokuwa barabarani yalikuwa yakitafuta pa kuegesha, kila moja kwa dakika 8 hivi. Usiichukue namba hiyo kuwa sheria ya kila jiji, kwa sababu watafiti walikwenda kupima mahali palipokuwa na msongamano, lakini inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe.

Kwa nini mtu azunguke wakati jengo la nyuma lina nafasi? Kwa sababu mmemlipa azunguke. Barabarani ni rahisi, jengoni ni ghali, na tofauti ya bei hizo mbili ndiyo ujira anaoupata kwa kuvumilia. Angalia pia ni nani anayelipwa zaidi. Mteja wa nusu saa akipata nafasi barabarani ataokoa tofauti ya nusu saa tu; mfanyakazi wa saa tisa ataokoa mara kumi na nane ya hiyo. Kwa mpangilio wenu wa sasa, anayekaa muda mrefu ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuwahi na kuing'ang'ania nafasi ya mbele ya duka, na anayekaa muda mfupi, ambaye ndiye mnayemtaka, hana cha kushindana naye. Mkiugeuza mpangilio huo, yaani barabarani kuwe ghali kuliko jengoni katika saa za msongamano, kila mmoja atajipeleka mahali panapomfaa bila kufukuzwa na askari.

Hapo ndipo pendekezo la kufuta ada linapoanguka. Najua jinsi linavyovutia, na najua kwamba katika kikao litapigiwa makofi. Lakini ada ikifutwa, wa kwanza kufaidika ni yule anayefika mapema na kukaa kutwa, na mteja wa saa nne asubuhi atakuta barabara imejaa vilevile, pengine zaidi. Kitu cha bure chenye nafasi chache hugawiwa kwa kuwahi, na mteja hawezi kuwahi kumshinda anayefungua duka.

Wenzako watasema kwamba ada itawakimbiza wateja waende kwenye maduka makubwa ya nje ya jiji yenye viwanja vipana vya maegesho. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, ila kwa kawaida imejengwa juu ya makadirio yaliyokuzwa. Katika utafiti mmoja uliofanywa Bristol, Uingereza, wenye maduka walikadiria kwamba asilimia 41 ya wateja wao huja kwa gari. Wateja wenyewe walipoulizwa, ikawa asilimia 22. Mwenye duka humsikia anayelalamika kuhusu maegesho, na hamsikii aliyekuja kwa miguu au kwa basi, kwa kuwa huyo hana la kulalamikia. Ningeshauri mfanye dodoso lenu wenyewe mlangoni kwa siku chache, mkiuliza maswali mawili tu: umefikaje, na hufika mara ngapi kwa mwezi. Majibu yake yatawapa msingi imara kuliko mabishano ya kikao kizima.

Lakini nikubali pia kwamba ada ikipangwa vibaya inaumiza. Ada kubwa kwenye mtaa ambao nusu yake ni wazi hufukuza watu bila faida yoyote, na ada iliyopangwa kwa lengo la kujaza mfuko wa halmashauri hupanda bila kuangalia barabara ina hali gani. Kinga yake ni kuweka kanuni kwa maandishi: ada hupanda pale tu mtaa unapozidi kiwango fulani cha ujazo, na ni lazima ishuke pale mtaa unapokuwa chini ya kiwango kingine. Jiji la San Francisco, Marekani, lilifanya jaribio la namna hiyo kuanzia mwaka 2011. Siku iligawanywa katika vipindi, na kila mtaa ukawa na ada yake kwa kila kipindi. Ujazo ukizidi asilimia 80, ada ya saa iliongezwa senti 25 za dola. Ukiwa chini ya asilimia 60, ilipunguzwa senti 25. Na chini ya asilimia 30, ilipunguzwa senti 50. Baada ya miaka miwili hivi, wastani wa ada ya mita katika maeneo ya jaribio ulikuwa umeshuka kwa asilimia 4, na wa majengo ya maegesho ya umma kwa asilimia 12. Mitaa michache iliyogombaniwa ilipanda, na mingi iliyosahauliwa ikawa nafuu. Ukiwaeleza wenzako jambo hilo moja tu, nadhani hasira za kikao zitapoa kwa kiasi kikubwa.

Msiogope teknolojia yake. Ni kweli kwamba San Francisco ilianza na vihisi vilivyofukiwa barabarani ili kutambua kama nafasi ina gari, lakini baadaye ikaviacha na kukadiria ujazo kwa kutumia rekodi za malipo ya mita. Eneo dogo kama lenu halihitaji hata hayo. Kanda mbili au tatu, vipindi viwili au vitatu vya siku, na kupitia upya ada mara mbili kwa mwaka vinatosha, na dereva ataweza kuukumbuka mpango. Mpango wenye ada tofauti kwa kila mtaa hupendeza kwenye karatasi na humchanganya aliye nyuma ya usukani.

Kuna watakaopendekeza kikomo cha muda badala ya ada, kwa mfano saa mbili kwa kila gari. Sikikatai kabisa, ila kinafanya kazi kwa udhaifu. Mfanyakazi hujifunza haraka kutoka nje kila baada ya saa mbili na kulisogeza gari lake nafasi tatu mbele. Mteja halali anayetaka kula, kunyolewa na kununua nguo hufukuzwa katikati ya shughuli zake. Na msimamizi analazimika kuupitia mtaa uleule mara kwa mara ili kujua nani amekaa muda gani. Ada ya saa hufanya kazi hiyo yenyewe, na humwachia kila mtu aamue kama dakika ishirini za ziada zina thamani kwake.

Suala la fedha ndilo linaloamua kama wafanyabiashara watauunga mkono mpango au watauua. Katika eneo kongwe la jiji la Pasadena, jimbo la California, wenye maduka walizipinga mita kwa hoja zilezile unazozisikia sasa. Walikubali mwaka 1993, baada ya jiji kuahidi kwamba mapato yatakayobaki baada ya gharama yatatumika katika eneo hilohilo: njia za waenda kwa miguu, miti, taa, usafi na ulinzi. Mita ikaacha kuonekana kama kodi inayokwenda mahali pasipojulikana, na eneo lililokuwa limechakaa likarudi kuwa kivutio cha wanunuzi. Sidai kwamba mita peke yake ndiyo iliyolifufua, kwa sababu mambo mengi yalikwenda pamoja. Hata hivyo, ningelifanya hili kuwa sharti la kwanza la kura yako: asilimia iliyotajwa wazi, katika akaunti inayotazamwa na kamati yenu, na taarifa inayotolewa hadharani. Halmashauri ikikataa sharti hilo, utakuwa umejua kwa nini inaitaka ada.

Je, vipi wafanyakazi wa kipato cha chini, ambao leo huegesha mbele ya duka kwa senti chache? Swali hili ni la haki na halina jibu linalomridhisha kila mtu. Wale wenye kipato cha chini kabisa mara nyingi hawana gari, na mabasi yao ndiyo yanayokwama katika foleni ya wanaotafuta maegesho. Lakini wapo pia wahudumu wanaomaliza kazi usiku, ambao bila gari hawafiki nyumbani salama. Kwao, zile ghorofa tupu ndiyo hazina yenu. Mwenye jengo anaweza kutoa kadi ya mwezi kwa bei nafuu kwa ghorofa za juu pekee, ambazo sasa hazimwingizii chochote, kwa sharti kwamba ngazi zina taa, lifti inafanya kazi na mlinzi yupo mpaka maduka yafungwe. Usilidharau sharti la taa. Ghorofa nyingi za juu ni tupu kwa sababu watu wanaogopa kuzipanda jioni, na hakuna bei itakayoiondoa hofu hiyo. Waajiri wakubwa wanaweza pia kuguswa. Jiji la Nottingham, Uingereza, tangu mwaka 2012 linawatoza waajiri wenye nafasi 11 au zaidi za kuegesha magari ya wafanyakazi, na fedha hizo husaidia kulipia tramu na usafiri mwingine wa umma. Kamati yenu haina uwezo wa kutunga tozo ya namna hiyo, lakini inaweza kuiuliza halmashauri.

Kuhusu jengo jipya, sisemi lisijengwe kamwe. Nasema tu kwamba ni dawa ya gharama kubwa mno kutolewa kabla ya kupima. Gari lililosimama linahitaji mita za mraba kama 12 hivi, lakini ndani ya jengo, ukijumlisha njia za kupita, mizunguko ya kupandia, ngazi na nguzo, kila nafasi hula mita za mraba 25 hadi 30. Kwa hiyo jengo la nafasi 400 linahitaji kati ya mita za mraba 10,000 na 12,000 za sakafu, na zikichimbwa chini ya ardhi gharama hupanda zaidi kwa sababu ya uchimbaji, maji na mitambo ya hewa. Mkopo wake utalipwa kwa miongo. Jengo lililopo linawaonyesha tayari kitakachotokea: maadamu barabarani ni rahisi kuliko jengoni, jipya nalo litajaa chini na kubaki tupu juu, na halmashauri itatafuta fedha za kulipia zege lisilotumiwa. Rekebisheni bei kwanza. Ikiwa baada ya mwaka mmoja jengo la zamani linajaa hadi ghorofa ya mwisho katika siku za kawaida, na viwanja vya watu binafsi vinavyokaa tupu jioni na mwisho wa wiki vimeshaombwa kwa mkataba wa kutumiwa kwa pamoja, basi hoja ya jengo itakuwa imejithibitisha. Hata hapo, tazameni mfano wa jiji la Zürich, Uswisi, ambalo kwa miaka mingi baada ya makubaliano ya mwaka 1996 lilishikilia kwamba idadi ya nafasi katikati ya jiji isipande: nafasi mpya zikijengwa chini ya ardhi, za barabarani ziliondolewa kwa kiasi hicho na sehemu yake wakapewa waenda kwa miguu.

Pendekezo la tatu ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mwaka 2008 jiji la Chicago lilikodisha mita zake takriban 36,000 kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, likapokea malipo ya mara moja ya karibu dola bilioni 1.15. Mwaka uliofuata, mkaguzi mkuu wa jiji alikadiria kwamba mali hiyo ilikuwa na thamani ya karibu dola bilioni moja zaidi ya kilicholipwa. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitumika katika miaka michache ya mwanzo, ada zikapanda kwa kasi, na jiji likajikuta linapaswa kumfidia mwekezaji kila linapofunga mtaa au kuondoa nafasi za kuegesha kwa matumizi mengine. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, kwa kuwa mtaa wenu utahitaji mambo ambayo leo hamwezi kuyatabiri, iwe njia ya mabasi, njia ya baiskeli au soko la wazi la mwisho wa wiki. Kampuni binafsi inaweza kufunga mashine na kukusanya malipo kwa ufanisi mzuri tu. Ipewe mkataba wa huduma wa miaka michache, ilipwe kiasi kilichopangwa, na mamlaka ya kuamua ada yabaki kwa halmashauri. Isilipwe kamwe kwa kugawana faini, kwa kuwa itakuwa na kila sababu ya kutaka madereva wakosee.

Faini zenyewe ziwe ndogo lakini za uhakika. Dereva anayejua kwamba atakamatwa mara nane kati ya kumi hulipa ada. Anayejua kwamba atakamatwa mara moja kati ya hamsini hucheza kamari, hata faini iwe kubwa namna gani. Kosa la kwanza linaweza kuwa onyo, na faini iongezeke kwa wanaorudia, ambao kwa kawaida ni wachache wanaojulikana. Kufunga magurudumu na kuvuta gari kubaki kwa wanaoziba njia.

Mkiwa mnapanga upya, tengeni kwanza nafasi za kupakia na kupakua mizigo, angalau moja kwa kila mtaa, na hasa saa za asubuhi, kwa sababu gari la mizigo lisilo na pa kusimama litasimama katikati ya barabara na kuharibu yote mliyoyapanga. Nafasi za watu wenye ulemavu ziwe karibu na milango na vivuko, kwa upana wa kutosha kwa kiti cha magurudumu, na usimamizi wake uwe mkali. Pale ambapo kadi ya ulemavu humpa mwenye nayo kuegesha bure bila kikomo, kadi bandia na za kuazimwa huongezeka, na wanaoumia ni walemavu wenyewe. Pikipiki na baiskeli zipewe kona za barabara karibu na makutano, mahali ambapo gari likisimama huziba macho ya madereva.

Kuhesabu mnaweza kuanza wenyewe. Chagueni siku mbili za kawaida za kazi na siku moja ya Jumamosi, mkiepuka sikukuu na msimu wa shule kufungwa. Watu wawili wapite mitaa yote kila saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, wakiandika kwa kila nafasi herufi na tarakimu tatu za mwisho za namba ya gari, au alama ya kuwa tupu. Hesabuni pia kila ghorofa ya jengo kwa saa hizohizo. Jedwali hilo litawapa mambo mawili: ujazo wa kila mtaa kwa kila saa, na muda ambao kila gari limekaa. Namba iliyojitokeza mara tisa mfululizo si ya mteja. Mkishamaliza hesabu, ziharibuni karatasi zenye namba za magari, na msimtaje mtu yeyote kikaoni. Mtahitaji ushirikiano wa walewale waliozichukua nafasi.

Kuna mahali ambapo ushauri wa maandishi kama huu unafikia mwisho wake. Ikiwa mitaa yenu ina njia za mabasi, makutano yenye taa au hospitali karibu, mpateni mhandisi wa usafiri aje aone kwa macho kabla ya kubadilisha nafasi hata moja, kwa kuwa mpangilio wa kona na vivuko unahusu uhai wa watu. Jengo jipya likirudi mezani, dai upembuzi yakinifu uliofanywa na mtu asiye na maslahi katika ujenzi, pamoja na uchunguzi wa udongo na makadirio ya matengenezo, kwa sababu majengo ya maegesho huharibiwa na unyevu na gharama hiyo husahaulika mara nyingi. Na rasimu ya mkataba wa kampuni isipigiwe kura kabla mwanasheria wa kamati, siyo wa halmashauri wala wa kampuni, hajaisoma yote na kuwaandikia majibu ya maswali matatu: ni nani anayeamua ada, halmashauri italipa nini ikifunga mtaa, na itagharimu kiasi gani kujitoa kabla ya muda. Kama kikao kimepangwa karibu mno kwa hayo kukamilika, omba kura iahirishwe, na upendekeze mahali pake jaribio la miezi sita la ada mpya za barabarani pamoja na kadi za ghorofa za juu, huku hesabu ikirudiwa mwishoni kwa siku na saa zilezile.